Lango Finyu na Ngazi Mpya

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na maofisa wa utamaduni wa Migori na Homa Bay



Nimepewa mada ndefu na muda mfupi, kwa hiyo nitaikata mada iwe swali moja. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu, kama mimi, akitaka kutazama sanaa ya kwao, hapa Migori au Homa Bay, atazuiwa na nini? Jibu nalitoa mapema msije mkasinzia mkilingoja. Atazuiwa na vizuizi vya aina mbili. Viko vilivyowekwa na wazee wetu, au na Mwenyezi Mungu mwenyewe: lango finyu, mwamba, mlima, ziwa. Na viko tulivyoviweka sisi, juzi na jana: ngazi za ofisi ya tiketi, mlango wa choo usiopitisha kiti, maelezo yaliyobandikwa juu mno, gati lisilo na kipito. Hoja yangu ni kwamba vile vya kwanza tumevigeuza kisingizio cha vile vya pili. Tunamwonyesha mtu mlima ili asiulize habari za ngazi.

Sanaa yetu iko wapi

Likitajwa jumba la sanaa, najua wengi mnawaza Nairobi. Mna haki. Makumbusho ya Nairobi yalifunguliwa 1930 yakiitwa Coryndon. Katika jengo la Nyaraka za Kitaifa, katikati ya jiji, umo mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais mwaka 1966: vinyago, nguo, vito na stempu kutoka pembe nyingi za Afrika. Karibu nasi zaidi yako Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980, na ndani ya ua wake mfano wa boma la Mjaluo, nyumba za wake na simba, yaani nyumba ya kijana, zikiwa mahali pake.

Lakini kazi kubwa za sanaa za kaunti hizi mbili hazikutundikwa ukutani chini ya taa. Moja ni ukuta wenyewe, na nyingine imepakwa kwenye jabali.

Ukienda kilomita 46 kaskazini magharibi ya mji wa Migori unafika Thimlich Ohinga. Ni maboma ya mawe makavu, hayana saruji wala udongo wa kunatisha. Kuta zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wake kwa wastani ni mita moja. Wataalamu wanasema huenda zilijengwa karne ya 16, na kwamba jamii za Kibantu na za Kiniloti zilipokezana kukaa humo hadi katikati ya karne ya 20. Maboma makuu ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Mwaka 2018, katika kikao kilichofanyika Manama, Bahrain, UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Atatokea mtu aseme huo ni ujenzi, sanaa ni kitu kingine. Namwomba akae karibu na ukuta wa Kochieng, akae kweli, asisimame. Ataona kwamba sura ya nje na sura ya ndani zimepangwa kwa mawe yaliyochaguliwa, na katikati yake mmejazwa mawe madogo yanayozishikilia sura zote mbili. Hakuna jiwe lililochongwa kwa patasi. Kila jiwe limegeuzwa mkononi mpaka likapata upande wake, kisha pengo lililobaki likazibwa kwa kijiwe cha ukubwa wa ngumi au wa yai. Mtu aliyesimama huangalia kilele cha ukuta na kusema, “Mrefu!” Aliyekaa kwenye kiti macho yake yako kama sentimita 115 au 120 kutoka ardhini, mbele ya sehemu inayobeba uzito wote. Pale ndipo fundi alipofanya kazi yake kubwa, na pale ndipo mimi ninapopaangalia kila nikipata nafasi.

Tukivuka kwenda Homa Bay, kisiwani Mfangano, kuna michoro ya mwambani ya Kwitone na Mawanga: miduara ndani ya miduara, mizunguko kama ya konokono, miale kama ya jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Inaaminiwa kuwa ni kazi ya wawindaji wa kale, jamaa ya Watwa, waliokaa kando ya ziwa hili kabla ya Wasuba na Wajaluo kufika. Wenyeji wameiheshimu kwa vizazi, na Mawanga pana sifa ya kuwa mahali pa kuombea mvua. Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, hapo hapo kisiwani, ndiyo yanayoitunza na kuwaongoza wageni.

Na Rusinga, ambayo daraja linaiunganisha na Mbita, kuna kaburi la Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Jengo lililosimamishwa juu yake lina umbo la risasi. Hilo ni jengo la zama zetu na lina ujumbe wa zama zetu. Nalitaja kwa sababu linatukumbusha kwamba urithi haukomi kwa wazee wa karne ya 16. Na sisi tunajenga, na tutaulizwa tulijengaje.

Lango lililojengwa kwa akili

Sasa tuliangalie lango la ohinga, yaani la boma la mawe. Ni la chini na ni jembamba. Juu yake limelazwa jiwe refu la kubeba uzito. Aliyejenga hakukosa mawe wala hakukosa nguvu ya kulipandisha. Alitaka adui akiingia aingie mmoja mmoja, ameinama, kichwa kikitangulia mbele ya rungu la mlinzi. Lango lile lilikuwa silaha.

Angalieni ajabu yake. Mgeni mzima wa miguu lazima ainame ndipo apite. Aliyekaa kwenye kiti kimo chake kimekwisha kukaribia kimo cha lango. Linalomshinda ni upana, maana kiti cha kawaida kina sentimita 60 hadi 70 toka gurudumu hadi gurudumu, na mikono ya mwenye kusukuma inataka nafasi yake pembeni. Linalomshinda pia ni chini: kokoto, mizizi, nyasi zilizoficha shimo. Basi mtaalamu akiniambia, “Ndugu, lango hili hatuwezi kulipanua, ni urithi wa dunia,” mimi namjibu, “Bwana, hata mimi sitaki ulipanue.” Jiwe moja likitolewa katika ukuta usio na saruji, mawe jirani yote yanapoteza mshiko. Sitaki kuingia Kochieng kwa kuibomoa Kochieng.

Lakini mazungumzo yasiishie hapo, na kwa kawaida ndipo yanapoishia. Lango la kale lina sababu. Nataka kusikia sababu ya ngazi. Njia kutoka maegesho ya magari mpaka kwenye ukuta haikujengwa karne ya 16. Vibanda vya tiketi, vyoo, mabango ya maelezo, madawati ya kupumzikia, vyote hivyo popote vilipo katika maeneo yetu ya urithi vimejengwa na watu tunaowajua, kwa zabuni tunazoweza kuzisoma, kwa fedha za kodi. Hapo hakuna adui anayezuiwa. Anayezuiwa ni raia.

Kutazama ukiwa umekaa

Wanaopanga maonyesho, na hasa vijana mnaosomea sanaa, nisikilizeni hapa, kwa maana mambo haya hayaandikwi sana.

Ukiwa umekaa, kioo cha fremu huwa adui. Taa ya darini inayomfaa aliyesimama humrudishia aliyekaa mng'aro usoni, na badala ya mchoro unaona balbu. Unasogea kushoto, balbu inasogea nawe. Unarudi nyuma ili upate pembe nzuri, unagonga miguu ya watu. Meza zenye vioo, zile zinazowekwa shanga, sarafu na mikufu, ukizifikia kwa kiti unaona ukingo wa mbao na mstari mwembamba wa kioo. Shanga zenyewe unasimuliwa. Karatasi ya maelezo imebandikwa usawa wa macho ya mwanaume mrefu, kwa herufi ndogo, nawe unakunja shingo kama anayetafuta nyuki mtini. Kamba ya kuwazuia wageni wasikaribie mchoro hukupitia usawa wa kifua au wa uso.

Dawa yake haina gharama kubwa. Katikati ya picha pakishushwa kidogo, maelezo yakawekwa mteremko kwenye kibao cha kimo cha meza, meza ya kioo ikaachwa wazi chini ili magoti yaingie, taa ikageuzwa pembe, kazi imekwisha. Na atakayenufaika si mimi peke yangu. Mtoto wa darasa la pili ana kimo changu. Bibi aliyechoka akaketi ana kimo changu. Shule zinapoleta wanafunzi kwa basi, nusu ya basi inaona maonyesho kutoka pale ninapoonea mimi.

Nilipata kuzuru jumba moja la sanaa, jina lake sitalitaja na mji wake sitautaja. Maonyesho yalikuwa ghorofa ya juu. Lifti ilikuwapo, lakini ufunguo alikuwa nao mtu aliyekuwa likizo. Askari wanne, vijana wakarimu mno, wakasema, “Mwalimu, usijali, tutakubeba.” Wakanibeba. Kule juu nikatazama kwa haraka, maana wale vijana walikuwa wamesimama mlangoni wakinisubiri na lindo lao limebaki tupu. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: wakati wa kurudi wawili walikuwa wamekwisha kubadilishana zamu, na waliokuja mahali pao hawakujua gurudumu lipi linashikwa na lipi halishikwi. Nilishuka salama. Lakini jioni ile ukiniuliza habari za picha ningekueleza habari za ngazi.

Nawaambieni hili kwa sababu sisi watu wa ziwa tunajivunia ukarimu wetu, na ukarimu huo umetufanya tusijenge. Tunasema, “Watu watamsaidia.” Ni kweli, watamsaidia. Lakini sanaa inataka utulivu. Inataka mtu akae mbele ya kitu kimoja muda apendao, aondoke, ajutie, arudi tena kukiangalia. Anayebebwa hawezi kurudi kuangalia tena. Anaona aibu kuwaita wabebaji mara ya pili.

Jambo likimgusa kila mtu

Katika fuo nyingi za ziwa letu, boti ikifika maji ya goti, vijana huwabeba abiria wote mabegani hadi mchangani, mwalimu, mfanyabiashara na mchungaji wa kanisa, kwa malipo kidogo. Hakuna anayeona haya, kwa sababu kila mtu anabebwa. Haya huanza pale anapobebwa mmoja huku wengine wakipita kwa miguu yao.

Kanuni hiyo nimeiona hata nchi za mbali. Kule Ufaransa kuna pango la Lascaux lenye michoro ya kale sana ya wanyama. Lilipofunguliwa kwa watalii, pumzi za watu zikaanza kuiharibu michoro, na mwaka 1963 serikali ikalifunga. Wakakaa wakatengeneza nakala. Ya kwanza ilifunguliwa 1983, na nyingine kubwa zaidi, yenye kuiga pango kwa ustadi wa hali ya juu, ikafunguliwa 2016. Leo wakubwa kwa wadogo wanaitazama nakala, na hakuna anayelia kwamba ametukanwa. Kwa nini walitumia fedha zote zile? Kwa sababu aliyezuiwa alikuwa kila mtu.

Sasa rudini Mfangano. Picha za michoro ya miamba ya Afrika, kama 25,000, zilizopigwa na shirika la TARA lenye makao Nairobi, zimehifadhiwa kidijitali na British Museum ya London. Yaani mtu aliyekaa London anaweza kuisoma michoro ya Afrika kwa kompyuta yake. Lakini mtoto wa Sena, palepale Mfangano, ambaye miguu yake haipandi mlima, njia yake ya kuyafikia majabali ya kwao ni mgongo wa kaka yake, na siku kaka atakapohamia Kisumu kutafuta kazi, njia hiyo imekwisha. Kuchapisha picha moja kubwa, ya ukubwa halisi wa ule mwamba, na kuisimamisha mahali panapofikika chini, ni kazi ya mwezi mmoja na ya fundi wa kawaida. Haijawa jambo la dharura kwa sababu anayezuiwa ni mmoja mmoja.

Na huyo mmoja mmoja si haba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,131,950 Homa Bay na 1,116,436 Migori. Nchini kote, asilimia 2.2 ya watu wa miaka 5 na zaidi walisema wana ulemavu. Homa Bay ilikuwa asilimia 4.3, miongoni mwa viwango vya juu kabisa katika Kenya. Na ulemavu uliotajwa zaidi nchini ni wa kutembea. Kwa hiyo kaunti yenye michoro ya Kwitone huenda ni mojawapo ya kaunti zenye watu wengi zaidi wasioweza kuipandia.

Wanaobishana ndio wanaojenga

Mtaniambia kwamba kuutia mkono urithi ni hatari. Ni kweli, na waliojaribu waligombana. Akropoli ya Athens iko juu ya mwamba, na hekalu lake limesimama tangu karne ya tano kabla ya Kristo. Kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya 2004 waliweka lifti ubavuni mwa mwamba. Lifti ikawa inaharibika mara kwa mara. Desemba 2020 wakafungua lifti mpya, na wakamwaga njia za zege juu ya kilima. Wanaakiolojia wakapiga kelele, wakasema zege limeufunika mwamba wa kale. Wasimamizi wakajibu kuwa zege hilo linaweza kuondolewa bila kuuumiza mwamba. Sina haja ya kuwaamua Wagiriki. Ninachowasifia ni kwamba walibishana juu ya njia ya kumfikisha mtu. Sisi hatujafika hata kwenye ubishi. Kwetu neno moja, “haiwezekani”, linafunga kikao.

Isitoshe, zege si jibu la pekee. Miaka ya 1980 mwongoza wapanda milima mmoja wa Ufaransa, Joël Claudel, alibuni kiti chenye gurudumu moja katikati na mikono mbele na nyuma, watu wawili wakakiongoza katika njia ya mbuzi. Kiti hicho kinaitwa Joëlette, na kimewafikisha watu wa viti vya magurudumu hata Machu Picchu huko Peru. Waangalieni mafundi wetu wa Migori na Rongo wanaounganisha vyuma vya mikokoteni na kubadilisha fremu za pikipiki. Mnadhani kiti cha gurudumu moja kitawashinda? Kichoreni, wapeni. Kikikaa pale getini Thimlich au pale Sena, kikaendeshwa na vijana waliofundishwa na kulipwa, hapo kubebwa kumekuwa huduma yenye bei na ratiba, na mgeni anaweza kusema, “Rudini nyuma kidogo, nataka kuliona lile jiwe tena.”

Sheria inasema nini

Tusiizungumzie haki kama sadaka. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kwa kiasi cha kuridhisha mahali pote, kutumia usafiri wa umma, na kupata habari. Kabla yake, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano wayarekebishe. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya kuchukua nafasi yake. Kenya iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara ya 30 ya mkataba huo inataja makumbusho, maktaba na kumbi za maonyesho kwa majina. Inapofika kwenye minara na maeneo ya urithi wa taifa, inaongeza maneno kwamba wafikishwe huko kadiri inavyowezekana.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo mlango wa kutorokea. Ofisa husoma “kadiri inavyowezekana” akapumua. Mimi nayasoma kinyume. Yanamtaka mwenye dhamana aonyeshe amejaribu hadi wapi. Mlima wa kufikia Kwitone hauwezekani kusawazishwa, sawa. Choo cha wageni je? Bango la maelezo je? Gati je? Kila kimoja kiorodheshwe peke yake, na kila “haiwezekani” iandikiwe sababu yake na jina la aliyeitamka.

Na mjue wa kumwuliza. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Minara na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yako chini ya serikali ya kitaifa, na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ndiyo yanayosimamia Thimlich Ohinga. Makumbusho ya kaunti, maktaba, shughuli za utamaduni, barabara za kaunti na vivuko viko chini ya kaunti. Kwa hiyo mtu akikwama kwenye barabara ya murram ya kaunti, asimlaumu mlinzi wa Thimlich. Na akikwama mlangoni Thimlich, asimlaumu mwakilishi wa wadi. Lawama iliyokosewa anwani haimfikii mtu.

Njia ni sehemu ya maonyesho

Ziara ya mtu wa kiti cha magurudumu huanza stendi. Huku kwetu chombo cha safari ni gari dogo la probox, na probox hujaza mpaka dereva anakaa nusu. Kiti kikikunjwa kinapanda juu ya paa pamoja na kuku na mikungu ya ndizi, na utingo anadai nauli yake. Dereva akikuona huwa amekwisha kupiga hesabu ya dakika utakazompotezea. Nimewahi kuachwa kwa sababu hiyo, na waliokuwa ndani walinisikitikia sana na gari likaenda.

Nataja usafiri kwa sababu nimeona miradi ya majumba mazuri yenye rampu nzuri katikati ya uwanja usiofikika. Ukipanga maonyesho panga na njia: mara moja kwa mwezi gari la kaunti, au basi la shule siku ya Jumamosi, lichukue watu kutoka mjini Migori, Ndhiwa na Homa Bay hadi kwenye ukuta. Litangazwe kwenye redio zetu za Kiluo na za Kikuria. Wengi hawajaja kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanasubiriwa.

Jambo lingine. Tumezoea kumwona mtu mwenye ulemavu katika sanaa akiwa mtengenezaji. Pale Bombolulu, Mombasa, karakana iliyoanza 1969 chini ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo cha Kenya, watu wenye ulemavu wanatengeneza vito, nguo na vinyago vinavyonunuliwa na wageni. Ni kazi ya heshima. Lakini mtengenezaji naye ni mtazamaji. Fundi asiyeona kazi za wenzake, za wa kale na za wa sasa, anafanya kazi akiwa nusu gizani. Mnaponunua mkufu wake, mwulizeni pia alipata wapi kuangalia.

Ninachoomba

Nafunga kwa maombi, na nayataja kwa majina ili mweze kuyakagua.

Kwa idara za utamaduni za kaunti zote mbili: kabla ya kujenga chochote kipya katika eneo la urithi, mleteni mtu wa kiti cha magurudumu, mtu asiyeona na mtu asiyesikia kwenye kikao cha mchoro, msingi ukiwa bado haujachimbwa. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni sentimita 45. Kwa kipimo cha kawaida cha rampu, moja kwa kumi na mbili, zinahitaji mteremko wa mita 5 na sentimita 40. Nafasi hiyo hupatikana kwa urahisi kwenye karatasi. Kwenye zege lililokwisha kuganda haipatikani.

Kwa wasimamizi wa Thimlich na wa Mfangano: tengenezeni njia moja ngumu, ya changarawe iliyoshindiliwa, inayozunguka nje ya ukuta bila kuugusa, ili mtu afike mahali ambapo mawe yanasomeka. Wekeni picha za ukubwa halisi za ndani ya boma na za michoro ya mwamba mahali pa chini. Wekeni kiti cha gurudumu moja, na vijana waliofundishwa kukiendesha.

Kwa walimu: mnapoandika majina ya watakaokwenda safari ya shule, msimwachie mtoto wa kiti kazi ya kulinda mabegi ya wenzake. Mpigieni simu mlinzi wa eneo siku moja mapema, ulizeni njia ilivyo, kisha mwende naye.

Kwa wananchi: kaunti hualika watu kutoa maoni kabla ya bajeti kupitishwa. Nendeni na swali moja lililoandikwa, liingie kwenye kumbukumbu: katika fedha za utamaduni za mwaka huu, kiasi gani kimetengwa ili kila mtu afike? Mkijibiwa kwa mlima, rudini kwenye ngazi.

Waliojenga Thimlich Ohinga walijua kwa hakika wanamzuia nani na kwa nini. Sisi tunawazuia ndugu zetu bila kujua, kwa uvivu wa kutofikiri, na uvivu si urithi wa kuhifadhiwa. Lango la wazee liacheni lilivyo. Ngazi zenu ziondoeni.